Alama Zimepanda, Je, Mgonjwa Amepata Nini?

Mwulize mzee wa Lamu anayeuguza goti anataka nini kwenye matibabu yake. Mara nyingi hataanza na maumivu. Atakwambia anataka kusujudu, amechoka kuswali juu ya kiti ilhali wenzake wako chini. Mama aliyepata kiharusi atakwambia anataka kukaa kwenye mbuzi akune nazi yake, ashike kizio kwa mikono miwili bila kumwita mtu. Nahodha atataka kuteremka ngazi za gati maji yakiwa yamekupwa, wakati vidato vya chini vimejitokeza vina utelezi na mashua inacheza pale chini.

Sasa fungua ripoti ya utafiti wa tiba ya viungo uone watu kama hao wanavyoelezwa. Utasoma kwamba kundi lililopewa mazoezi lilipanda alama 5 kwenye kipimo cha alama 100, na kwamba tofauti hiyo ni "kubwa kitakwimu". Basi, mazoezi yanasifiwa na ripoti inafungwa. Lakini je, alama 5 zinamfikisha mzee kwenye sijida? Zinamteremsha nahodha ngazini? Watafiti wa huduma za utengamao, yaani tiba ya kumrudishia mtu uwezo wake baada ya ugonjwa au ajali, wamebishana juu ya swali hili kwa zaidi ya miaka 30, na si ubishi wa vitabuni tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo zingeweza kunufaika na huduma hizi. Kwa hiyo kuamua tiba gani inafaa na ipi ni kupotezeana muda ni jambo linalogusa karibu kila nyumba.

Ugumu wake unatokana na kwamba maswali kadhaa yamefungwa pamoja na kuitwa swali moja. Tuyafungue.

La kwanza ni la bahati. Matokeo yakiitwa makubwa kitakwimu, maana yake ni kwamba kama tiba isingekuwa na athari yoyote, matokeo ya namna hiyo yangetokea kwa nadra tu, na desturi imeweka mpaka wa nadra hiyo kwenye 5 kwa 100. Mpaka huo haujui lolote kuhusu goti. Tena unategemea sana idadi ya waliopimwa. Ukipima watu 4,000, hata nusu alama kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10 inaweza kuvuka. Ukipima watu 16, tiba iliyowainua watu kweli inaweza kushindwa. Mtafiti mwenye fedha za kuandikisha watu wengi anaweza kutangaza ushindi kwa kitu ambacho hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekihisi mwilini.

La pili ni la kipimo chenyewe. Kuna jaribio moja maarufu: mgonjwa ameketi kwenye kiti, anaambiwa ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, na mtaalamu ameshika saa. Lilichapishwa mwaka 1991 na Podsiadlo na Richardson, na limeenea kote kwa sababu linahitaji kiti na saa tu. Mpime mtu Jumatatu, umpime tena Jumatano bila hali yake kubadilika, hutapata sekunde zilezile. Jumatatu alikuwa amelala vizuri, Jumatano kanzu ilimkwama miguuni wakati wa kugeuka, au aliyeshika saa ni mwingine. Huko kucheza kwa namba ndiko kunakoitwa kosa la kipimo. Mizani ya sokoni inayocheza gramu 200 haiwezi kukuthibitishia kwamba samaki amezidi gramu 100.

Kosa hili linakokotoleka. Ukishajua ukubwa wake, unalizidisha kwa 1.96, kisha kwa kipeuo cha pili cha 2, kwa kuwa umepima mara mbili na kosa limeingia kila mara. Kosa likiwa alama 4, jibu ni karibu alama 11. Mgonjwa mmoja akipanda alama 8 kwenye kipimo kama hicho, huwezi kusema kwa uhakika kwamba amebadilika. Nasema mgonjwa mmoja, kwa sababu kwenye wastani wa watu wengi makosa ya huku na huku hufutana, na mabadiliko madogo zaidi huonekana. Ndiyo maana kipimo kinaweza kuwa kizuri kwa utafiti na kikawa duni kliniki, mbele ya mtu mmoja. Na hutokea pia kwamba mabadiliko yenye thamani kwa mgonjwa ni madogo kuliko kosa la kipimo. Hapo ameona faida, ila chombo hakiwezi kuiona. Lawama ni ya chombo, na dawa ni kupima zaidi ya mara moja na kuchukua wastani, au kutafuta kipimo kingine.

Swali la tatu ndilo lenyewe: je, mabadiliko haya yana maana kwa aliyebadilika?

Mwaka 1989, Roman Jaeschke, Joel Singer na Gordon Guyatt wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitoa maelezo ambayo bado ndiyo msingi wa mjadala. Walizungumzia tofauti ndogo kabisa ya alama ambayo mgonjwa anaiona kuwa ni faida, na ambayo ingetosha kubadili matibabu yake, mradi hakuna madhara ya kusumbua wala gharama ya kupita kiasi. Hapa nitaiita kizingiti. Wengi wanaowanukuu huishia kwenye faida, wakaiacha ile nusu ya madhara na gharama. Nitaifikia mbele, maana kwetu visiwani hiyo ndiyo nusu nzito.

Njia yao ilikuwa rahisi kueleweka. Wagonjwa wa moyo na wa mapafu wa muda mrefu walijibu hojaji kuhusu pumzi, uchovu na hisia zao, kila swali likiwa na ngazi 7. Baadaye wakaulizwa swali moja la jumla: umekuwa bora, uko vilevile, au umezidiwa, na kwa kiasi gani, kuanzia 7 hasi hadi 7 chanya. Waliosema wamebadilika kidogo, yaani kati ya 1 na 3, wakatazamwa alama zao za hojaji zilikuwa zimesogea kiasi gani. Wastani ukawa kama nusu alama kwa kila swali. Lile swali la jumla huitwa nanga, kwa kuwa namba za hojaji zimefungwa kwake.

Ipo njia nyingine isiyomwuliza mtu yeyote kitu. Mwaka 2003 Norman, Sloan na Wyrwich walipitia tafiti nyingi wakaona kwamba vizingiti vingi viliangukia karibu na nusu ya mkengeuko sanifu, yaani nusu ya kiasi ambacho alama za wagonjwa zimetawanyika kutoka kwenye wastani wao. Ni ugunduzi wa kuvutia, lakini ulivyotumika baadaye unanisikitisha. Mtu huchukua mtawanyiko wa alama, akaugawa kwa mbili, akatangaza kizingiti cha maana kwa wagonjwa ambao hakuzungumza nao. Mtawanyiko wa alama unategemea ni watu gani umewakusanya. Ukikusanya waliofanana sana, kizingiti kinashuka. Ukichanganya wazima na mahututi, kinapanda. Mgonjwa mmoja mmoja hajabadilika hata chembe.

Kwa hiyo nanga ni bora. Ila nayo inategemea imetupwa wapi, na pwani yetu ina jambo lake hapa. Sikiliza mazungumzo ya namna hii, ambayo yeyote aliyefanya kazi na wazee wa Lamu atayatambua:

"Mzee, ukilinganisha na ulivyokuwa siku ya kwanza, hali yako imekuwaje?"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

"Ni nzuri zaidi, au ni ileile?"

"Twamshukuru Mungu. Nyinyi mumefanya kazi."

Mtafiti ataandika nini hapo? Tatu chanya? Tano? Mzee hajadanganya. Ameshukuru, kama alivyolelewa, na amemheshimu kijana aliyehangaika naye wiki nzima. Kulalamika mbele ya anayekusaidia ni utovu wa adabu. Lakini ukimwuliza, "Ijumaa iliyopita uliswali chini au kwenye kiti?" atakujibu bila kusita: "Kwenye kiti." Swali la pili limempa nafasi ya kusema kweli bila kumvunjia mtu heshima. Kizingiti kilichojengwa juu ya swali la kwanza, mahali ambapo watu hushukuru katika hali zote, kitakuwa kimejengwa juu ya adabu.

Na hata pasipo adabu, kumbukumbu ina udhaifu wake. Ni wachache wanaokumbuka sawasawa walivyokuwa miezi mitatu nyuma. Watafiti wameona kwamba majibu ya swali la jumla huenda sana na hali ya mgonjwa siku anayoulizwa, kuliko na umbali aliotoka. Anayejisikia vizuri leo husema amepona sana, hata kama alianza akiwa vizuri. Isitoshe, ugonjwa wenyewe humbadilisha mtu viwango vyake. Aliyekaa na mkono uliopooza mwaka mzima huanza kuona kuwa kufunga kikoi kwa mkono mmoja si taabu tena, na akijaza hojaji ileile alama zinapanda ingawa mkono uko palepale. Na kuna tafiti ambazo nanga yake haikuwa mgonjwa kabisa. Aliyeulizwa kama kuna nafuu alikuwa mtaalamu aliyemtibu, mtu mwenye kila sababu ya kuiona.

Ukishayajua haya, hutashangaa vizingiti vya kipimo kimoja vikitofautiana. Tazama jaribio la kutembea kwa dakika 6, ambapo mgonjwa hutembea huku na huku kwenye varanda, inayopendekezwa iwe na urefu wa mita 30, na umbali wake kupimwa. Mwaka 1997 Redelmeier na wenzake walifanya jambo la busara: waliwakutanisha wagonjwa wa mapafu wazungumze wawili wawili, kisha kila mmoja akajilinganisha na mwenzake kwa uwezo wa kutembea. Wakapata kwamba tofauti ilianza kutambulika ilipofika kama mita 54. Mwaka 2014 vyama vya madaktari wa mapafu vya Ulaya na Marekani vikapitia ushahidi uliokwisha kukusanywa, vikapendekeza mita 30 hivi, kati ya 25 na 33. Jaribio ni lilelile, na namba imekaribia kugawika nusu. Moja ilitoka kwa watu waliojilinganisha na wengine, nyingine kwa ushahidi mpana wa watu waliolinganishwa na nafsi zao za jana. Tiba iliyowaongezea wagonjwa mita 40 ingeitwa dhaifu kwa namba ya kwanza na yenye maana kwa ya pili.

Mahali anapoanzia mgonjwa pia pana uzito. Farrar na wenzake mwaka 2001 walichunguza majaribio 10 ya dawa moja ya maumivu wakaona kwamba kushuka kwa alama 2 hivi kwenye kipimo cha 0 hadi 10, au asilimia 30, ndiko kulikoendana na wagonjwa kusema wamepata nafuu ya kweli. Wengi wameshika zile alama 2 wakaiacha ile asilimia. Lakini aliyetoka 9 akafika 7 bado halali usiku, na aliyetoka 4 akafika 2 amerudi kazini. Ile asilimia, ambayo inadai alama karibu 3 kwa aliyeanza na 9 na moja na ushei kwa aliyeanza na 4, inamtendea haki zaidi kila mmoja.

Kasi ya kutembea ni mfano ninaoupenda kwa sababu kila mtu anaielewa. Perera na wenzake mwaka 2006 walikadiria kwamba kwa wazee, ongezeko la mita 0.05 kwa sekunde ni dogo lakini lina maana, na la mita 0.10 ni kubwa. Kwa waliopata kiharusi karibuni, Tilson na wenzake mwaka 2010 walipata mita 0.16. Mbona zaidi? Sehemu ya jibu ni kwamba miezi ya kwanza baada ya kiharusi mwili hujirudi wenyewe kwa kasi, kila mtu anasogea, na ili uhisi umepata kitu inabidi usogee zaidi. Kabla ya hao, mwaka 1995, Jacquelin Perry na wenzake huko California walikuwa wameonyesha kwamba baada ya kiharusi, wanaotembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde kwa kawaida huishia kutembea ndani ya nyumba, na wanaozidi 0.8 hutoka na kuzunguka watakavyo. Kwa mtazamo huo, mtu akitoka 0.35 akafika 0.45 amevuka mlango wa nyumba yake, wakati aliyetoka 0.55 akafika 0.65, ambaye ameongeza kasi ileile, bado yuko upande uleule.

Lakini mlango wa nyumba upi? Lamu mjini kutoka ndani hadi barabarani ni kushuka ngazi za mawe zilizo wima, kupita tekani, kisha kuingia kwenye kichochoro ambacho punda aliyebeba mchanga anakuja mbele yako na huna budi kujibanza ukutani mara moja. Kasi ya mstari mnyoofu kwenye varanda laini ya hospitali haisemi kama unaweza kusimama ghafla, kugeuza bega na kuegemea ukuta bila kuanguka. Mtu anaweza kufika 0.8 akabaki nyumbani kwa hofu ya punda. Mwingine yuko 0.5 na kila jioni utamkuta barazani, kwa sababu njia yake ina ukuta wa kushika mwanzo hadi mwisho.

Yaliyomo kwenye hojaji yana hadithi hiyohiyo. Kwa ugonjwa wa kulika kwa goti, hojaji inayotumiwa sana ni ile iliyotungwa Kanada mwaka 1982 ijulikanayo kama WOMAC. Ina maswali 24, na 17 kati yake yanahusu kazi za kila siku. Inauliza kuhusu kuingia na kutoka kwenye gari, kuvaa soksi, kuingia na kutoka kwenye bafu la kulalia. Haiulizi kupiga magoti. Kwa mtu wa mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, anayevaa makubadhi na kuoga kwa kata, maswali hayo yanasimama bila mwenyewe, na lile ambalo angelipa uzito wa kwanza halimo. Anaweza kupanda alama kwenye hojaji bila kusogea hata inchi kwenye jambo alilolijia. Na anaweza kurudi kwenye sijida, machozi yakamtoka, na hojaji isione.

Kipimo cha Barthel, cha mwaka 1965, kina kasoro ya namna nyingine. Mambo 10 ya kujihudumia, alama 0 hadi 100. Watungaji wake wenyewe walitahadharisha kwamba aliyepata 100 si lazima awe anaweza kuishi peke yake. Mgonjwa wa kiharusi akifika 100 anakula, anavaa, anakwenda chooni, na kipimo hakina tena pa kumpandisha. Kama bado hawezi kushika tezo au sindano, utafiti utaandika kwamba hakuna mabadiliko. Na hata lile swali la kula: aliyepooza mkono wa kulia akajifunza kulisha kinywa kwa kushoto atapewa alama kamili. Lakini kwenye sinia la wali, mbele ya jamaa, mkono wa kushoto ni mtihani mzito, na nimeona watu wanaoacha kwenda arusini kwa sababu hiyo moja.

Kuna kosa la hesabu ambalo hata majarida makubwa hulipitisha, na linastahili kuelezwa polepole. Chukua mfano wa utafiti wa maumivu ya mgongo unaotumia hojaji ya Oswestry, ya alama 0 hadi 100, ambapo alama nyingi ni ulemavu mwingi. Ostelo na wenzake mwaka 2008 walipendekeza kizingiti cha alama 10, au asilimia 30 ya alama za mwanzo. Tuseme kundi la mazoezi limepungua wastani wa alama 18, na kundi lililopewa ushauri tu limepungua 12. Tofauti kati yao ni 6. Mwandishi anaandika: "6 ni chini ya 10, basi mazoezi hayana maana." Amekosea. Kumi ilipatikana kwa kutazama mtu mmoja amesogea kiasi gani kutoka alipoanzia. Sita ni pengo kati ya wastani wa makundi mawili. Katika data hizohizo inawezekana watu 70 kati ya 100 wa mazoezi wamevuka kizingiti, na 55 kati ya 100 wa ushauri. Hao ni watu 15 zaidi katika kila mia, na ukimwuliza mmoja wa hao 15 kama mazoezi hayana maana atakushangaa.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwa sababu linauza tiba hewa. Mwandishi mwingine anachukua 18 peke yake, anasema imezidi 10, basi mazoezi yanafanya kazi. Halitazami kundi la ushauri, ambalo nalo limevuka. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka, na watu huja hospitali siku yanapokuwa yamepanda. Hata ukiwapa maji ya kunywa tu, wengi watakuwa nafuu mwezi ujao. Bila kundi linganishi, hujui umetibu nini.

Sasa turudi kwenye ile nusu iliyosahauliwa, ya gharama na usumbufu.

Chukua mtu wa Kizingitini, upande wa mbali wa kisiwa cha Pate, anayetakiwa kuja hospitali ya Lamu mara mbili kwa wiki kwa wiki 8. Kila safari ni nauli ya boti, siku ya bahari iliyopotea kama ni mvuvi, mtu wa kumshika mkono akipanda na kushuka, na saa inayoamuliwa na maji, kwa kuwa vyombo vinavyopita mkondo wa Mkanda hungoja maji yajae. Msimu wa kusi ukikaza, kuna siku hawezi kabisa. Mlinganishe na mwenzake wa Lamu mjini, anayefika hospitali kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Tiba ni moja na hojaji ni moja. Kweli kizingiti chao kinaweza kuwa kimoja? Alama 10 kwa wa mjini ni faida tupu. Kwa wa Kizingitini huenda zisilipie hata nauli, na akiamua kubaki nyumbani, anayemwita mzembe hajapiga hesabu.

Kundi la watafiti, miongoni mwao Manuela Ferreira na Rob Herbert wa Australia, walilisema jambo hili waziwazi mwaka 2012 walipochambua tafiti za maumivu ya kiuno. Hoja yao ni kwamba kizingiti cha kweli lazima kitoke kwa mgonjwa, kihusu tiba maalumu, na kipimwe kwa kulinganisha na kutotibiwa. Namna ya kuuliza ni kumweleza mtu tiba yote ilivyo: safari ngapi, muda gani, shilingi ngapi, maumivu gani ya mazoezi. Kisha kumwambia bila tiba hii watu kama yeye huwa wanafikia wapi. Ndipo unamwuliza: kama tiba ingekuongezea nafuu ya nusu juu ya hiyo, ungekuja? Ya robo je? Unashuka hivyo mpaka aseme, kwa kiasi hicho, hapana, nitakaa nyumbani. Pale aliposimama ndipo kizingiti chake kilipo. Njia hii ina kazi, na wazee wengine huona ni maswali ya biashara. Lakini ndiyo pekee ninayoijua inayompa mvuvi wa Kizingitini sauti sawa na ya mtu wa mjini, na pia inawaonyesha wapangaji wa kaunti kwamba kupeleka mtaalamu Faza, hukohuko Pate, mara moja kwa wiki kunaweza kushusha kizingiti kuliko zoezi lolote jipya.

Hesabu za makundi hazitaisha, wala sidhani ziishe, maana bila hizo hatujui lipi linafanya kazi. Lakini zipo njia za kuingiza lengo la mgonjwa ndani ya hesabu hizo. Moja ni kipimo cha utendaji kutoka Kanada cha mwaka 1991, ambapo mgonjwa anataja mwenyewe shughuli zinazomsumbua, anaipa kila moja alama 1 hadi 10 kwa anavyoifanya na tena 1 hadi 10 kwa anavyoridhika nayo. Watungaji wake hutazama ongezeko la alama 2 kuwa lenye maana. Kusujudu linaingia humo bila ruhusa ya mtu. Njia nyingine ni kuuliza si umbali uliosogea bali ulipofika: je, ukibaki hivi ulivyo sasa, waridhika? Tubach na wenzake waliieleza kwa wagonjwa wa kulika kwa goti na nyonga mwaka 2005, na huonyesha watu waliovuka kila kizingiti ambao bado hawajaridhika, na wengine waliosogea kidogo mno lakini wanaona inatosha.

Ya tatu, ya Kiresuk na Sherman ya mwaka 1968, ilianzia kwenye huduma za afya ya akili. Unaandika lengo la mtu kwa ngazi tano, kutoka 2 hasi hadi 2 chanya, na sifuri ndiyo mnayoitarajia. Kwa fundi wa kudarizi kofia aliyepata kiharusi ngazi zinaweza kuwa hivi: 2 hasi, hashiki sindano, 1 hasi, anaishika lakini inamponyoka kila anapoivuta, sifuri, anadarizi robo saa bila kuiangusha, 1 chanya, nusu saa, 2 chanya, amemaliza upande mmoja wa kofia na mnunuzi ameukubali. Ukimwonyesha fundi karatasi hii, hahitaji takwimu kuielewa, na atakurekebisha pale ulipokosea kazi yake.

Udhaifu wake uko wazi: mtaalamu anayetaka matokeo mazuri anaweza kuandika lengo jepesi. Ndiyo maana kwenye utafiti ngazi zinapaswa kuandikwa kabla mgonjwa hajajulikana ameangukia kundi lipi, na anayekuja kupima mwishoni awe mtu asiyejua nani alipata tiba ipi. Kizingiti nacho kiandikwe mapema, kabla ya mgonjwa wa kwanza, pamoja na maelezo ya kilitoka kwa watu gani, wa wapi, wakiwa na hali gani, na nani hasa aliulizwa.